Bandari Tunaitaka, Ila Waliomo Baharini Nani Kawahesabu?

Mwaka 2023 nchi hii ilizungumza bandari kuliko kitu kingine chochote. Bunge liliridhia mkataba kati ya serikali yetu na Dubai tarehe 10 Juni, na kuanzia siku hiyo vijiweni, misikitini, makanisani, kwenye daladala na kwenye magrupu ya WhatsApp ilikuwa bandari tu. Tuliuliza maswali ya msingi. Mkataba una ukomo? Nani kasaini kwa niaba ya nani? Mbona karatasi tunaziona baada ya mambo kupita? Vijana wa upinzani walikuwa mbele katika maswali hayo, na hadi leo nasema yalikuwa maswali halali ya mwananchi yeyote.

Ila kuna swali moja ambalo halikupata nafasi, si bungeni, si kwenye majukwaa. Tulibishana nani ataendesha gati. Hakuna aliyesimama kuuliza: kabla hatujachimba, hatujapigilia nguzo na hatujaita meli kubwa, tunajua kuna nini ndani ya maji yale? Nani alikwenda kuangalia? Aliangalia kwa muda gani? Na alichokiona kipo wapi, tukisome?

Mimi ni kijana wa Tanga, kwa hiyo nitazungumza kwa mfano wa Tanga. Lakini ndugu yangu wa Kilwa, Bagamoyo, Mtwara au Mangapwani, usidhani hayakuhusu.

Tanga tuna nini

Tuanze na ambayo kila mtu anayajua. Bandari ya Tanga imefanyiwa maboresho makubwa, awamu mbili kwa jumla ya Sh429.1 bilioni. Lango la kuingilia meli lilichimbwa hadi kina cha mita 13, na gati likajengwa upya lenye urefu wa mita 450. Zamani meli ilikuwa inatia nanga mbali, mzigo unashushwa kwenye matishari, ndipo uvutwe hadi gatini. Leo meli inafunga gatini. Hilo ni jambo jema, na kijana wa upinzani asione haya kulisema. Wabebaji, madereva wa malori, mama lishe na mawakala wa forodha wote wanafaidika mzigo unapoongezeka.

Upande wa kaskazini wa ghuba, Chongoleani, ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima nchini Uganda. Urefu wake ni kilomita 1,443, na sehemu kubwa imo katika ardhi yetu. Jiwe la msingi liliwekwa Agosti 2017 na Rais Magufuli pamoja na Rais Museveni. Mafuta yakifika pale yanapakiwa kwenye meli kupitia gati linaloingia mbali baharini. Na upande wa kusini, Mwambani, kuna mpango wa bandari mpya yenye kina kirefu ambao umezungumzwa kwa zaidi ya miaka kumi, unafufuliwa na kulala, unafufuliwa na kulala.

Sasa hapo katikati yupo mkazi mwingine ambaye hana kadi ya mpiga kura.

Mwaka 1938 duniani kulitokea kishindo cha kisayansi. Kule East London, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer aliyekuwa akifanya kazi kwenye jumba la makumbusho aliona samaki wa ajabu katika mzigo wa meli ya uvuvi. Wanasayansi walikuwa wanamjua kwa masalia ya mawe tu. Waliamini ametoweka pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 hivi iliyopita. Kumbe yu hai. Huyo ndiye silikanti. Kuanzia mwaka 2003 wavuvi wa Tanzania walianza kumpata kwenye jarife, nyavu za papa zinazotegwa kwenye kina kirefu, na Tanga ndipo walipopatikana wengi. Serikali yenyewe mwaka 2009 ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, inayoanzia eneo la mdomo wa mto Pangani kupanda kaskazini hadi kuipita kidogo Tanga mjini. Na Mwambani imo humo humo.

Nataka msomaji ashike tarakimu hizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na wanasayansi wa Ufaransa, waliosoma alama za ukuaji kwenye magamba, uligundua kwamba silikanti anaweza kuishi karibu miaka 100, kwamba jike anakaribia miaka 60 ndipo anazaa, na kwamba mimba yake inachukua takriban miaka mitano. Miaka mitano! Muda kutoka uchaguzi mkuu mmoja hadi mwingine. Samaki wa namna hiyo ukiua kumi, hujapunguza kumi. Umefuta ukoo mzima, na wajukuu zako hawataona ukirudi.

Silikanti ndiye mwenye jina kubwa, ila si peke yake. Nyangumi wa nundu wanapanda kutoka bahari za kusini kila mwaka, kuanzia Julai hivi, kuja kuzaa na kulea katika maji yetu ya joto. Mkondo wa Pemba umetambuliwa na wataalamu wa kimataifa kuwa eneo muhimu la mamalia wa baharini. Kasa wanataga Pangani. Kisiwa cha Maziwe kilikuwa mahali maarufu pa kutagia kasa Afrika Mashariki, kikapoteza miti yake na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kikawa fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Hadi leo kasa wanarudi kutaga pale pale, na watu wa Ushongo wanahamisha mayai kuyapeleka bara ili yasizame. Ndivyo kasa alivyo. Harudi mahali palipo salama, anarudi alipozaliwa. Ukijenga hapo, hana pa kwenda.

Bandari inawaua vipi

Watu wengi wakisikia "athari kwa viumbe wa baharini" wanafikiria mafuta kumwagika. Hilo lipo, lakini hutokea kwa ajali. Kuna madhara ambayo hayahitaji ajali yoyote, yanakuja kazi ikifanyika sawasawa.

La kwanza ni tope. Ukichimba kina unaitibua sakafu ya bahari. Tope linaelea, linasafiri na mkondo, linatua kwenye matumbawe na kwenye nyasi bahari. Nyasi bahari ni mmea, zinahitaji jua. Maji yakiwa kama uji kwa wiki kadhaa, zinakufa. Na zikifa, tasi hana malisho, kasa wa kijani hana malisho, watoto wa samaki hawana pa kujificha. Mvuvi anayetega dema kilomita kadhaa kutoka kwenye mtambo anashangaa mbona dema linarudi tupu.

La pili ni sauti. Ndani ya maji sauti inakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na inafika mbali sana. Pomboo anaona kwa masikio. Anatoa mlio, unagonga samaki, unarudi, naye anajua chakula kiko wapi. Nyangumi anaitana na mtoto wake kwa sauti. Ukipigilia nguzo za chuma kwenye sakafu ya bahari kutwa nzima, umewafunga kitambaa cha macho. Wanahama, au mama anapotezana na mtoto.

La tatu ni meli zenyewe. Meli kubwa ikimgonga nyangumi, nahodha mara nyingi hahisi chochote. La nne ni taa. Mtoto wa kasa akitoka kwenye mchanga usiku anafuata mwanga wa upeo wa bahari, na taa za bandari zinampeleka nchi kavu, akaliwe na kaa au akaushwe na jua la asubuhi. La tano ni maji ya kusawazisha meli, yanayochukuliwa bandari ya mbali na kumwagwa huku yakiwa na viumbe wageni. Kuna mkataba wa kimataifa kuhusu hilo ulioanza kutumika Septemba 2017. Kuudhibiti kwa vitendo ni kazi inayohitaji watu na vipimo.

Katika hayo yote matano hakuna lisilopunguzika. Yanapunguzika, na dunia imeshayapunguza. Ila sharti ni moja: uwe unajua nani yuko wapi, lini, na wangapi. Bila utafiti huwezi kupunguza kitu usichokijua.

Wenzetu wamefanyaje

Panama ni nchi inayoishi kwa meli kuliko sisi. Watafiti wa pale waliwafunga nyangumi wa nundu vifaa vya kufuatiliwa kwa setilaiti, wakalinganisha njia zao na njia za meli zinazokwenda kwenye mfereji. Ramani zikaonyesha wanapokutana. Serikali ikapeleka hoja kwenye Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, na kuanzia Desemba 2014 meli zikapangiwa njia maalumu, na kutakiwa kupunguza mwendo hadi noti 10 kati ya Agosti na Novemba, nyangumi wakiwa wengi. Mfereji haukufungwa. Kilichobadilika ni mstari kwenye ramani na miezi minne ya mwendo wa pole. Nyangumi hao wanatoka upande wa kusini wa dunia kama hawa wetu, na wanafika kwa msimu unaokaribiana. Maana yake hata kalenda tunaweza kujifunza kwao.

India, jimbo la Odisha, walijenga bandari ya Dhamra karibu na Gahirmatha, mojawapo ya fukwe kubwa duniani za kutagia kasa. Ubishi ulikuwa mkali miaka mingi, na wapo ambao hadi leo hawakuridhika. Lakini presha ile ilizaa kitu. Mitambo ya kuchimba ikafungwa vyuma vya kuwasukuma kasa pembeni wasifyonzwe, na taa za bandari zikapangwa ili mwanga usiangaze baharini. Bahari ya Kaskazini kule Ulaya, wanapopigilia nguzo za mitambo ya upepo, wanazungushia pazia la mapovu ya hewa ili kupunguza kishindo. Hakuna uchawi hapo. Ni hewa na bomba lenye matundu.

Na jirani zetu Kenya wametupa somo la upande wa pili. Bandari ya Lamu ilizinduliwa Machi 2012 na marais, gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Katikati hapo wavuvi wa Lamu walikwenda mahakamani wakisema mnachimba malisho ya samaki wetu, mnakata mikoko, mnatufungia njia zetu, na hamkutuambia lolote. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliwapa haki. Ilisema haki yao ya mazingira safi, utamaduni na habari ilivunjwa, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.76. Ushindi mkubwa. Lakini jiulize, ilikuwa lazima wapitie miaka sita ya kesi? Na baada ya hukumu kukawa na mivutano mingine juu ya malipo, pesa taslimu kiasi gani, boti na injini kiasi gani. Kama hali ya bahari ingepimwa vizuri kabla na wavuvi wakahesabiwa kabla, hesabu ya hasara ingefanyika mezani.

Utafiti ni shahidi wa mnyonge

Hapa ndipo ninapotaka vijana wenzangu wanielewe. Wengi wakisikia kasa na nyangumi wanasema hiyo ni ajenda ya wazungu, sisi tuna njaa. Sikubaliani. Utafiti wa bahari kabla ya mradi ni suala la haki ya mvuvi, na nitaeleza kwa nini.

Sheria zetu za fidia zimejengwa juu ya ardhi. Ukiwa na nyumba, minazi, mikorosho, mthamini anakuja, anahesabu, anaandika. Mvuvi hana hati ya bahari. Mwamba anaouvua babu yake aliuvua, jina lake anajua, alama zake za nchi kavu anazijua, lakini kwenye karatasi hauko. Siku ukifunikwa tope ataonyesha nini? Ataambiwa samaki wamepungua kwa sababu ya tabianchi, au kwa sababu nyie wenyewe mlivua kwa baruti. Na hana jibu, kwa sababu hakuna aliyepima kabla.

Niliwahi kukaa na mzee mmoja kwenye diko karibu na mjini, anashona nyavu. Nikamsalimia, tukaongea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Samaki vipi siku hizi?"

"Wapo, ila wametukimbia. Wamehamia kina ambacho ngalawa yangu haifiki."

"Tangu lini?"

Akanitajia mwezi, akanitajia bamvua, akanitajia mitambo ilikuwa wapi siku ile. Nikamuuliza, "Umewahi kuulizwa haya na mtu wa mradi?"

Akacheka. "Walikuja vijana na karatasi. Wakauliza nina watoto wangapi na nyumba yangu ina choo gani. Bahari hawakuniuliza."

Mzee yule si mwanasayansi. Huenda kweli chanzo ni mitambo, huenda ni mambo mengine, huenda ni yote kwa pamoja. Mimi siwezi kuthibitisha, na yeye hawezi. Na hilo ndilo tatizo lenyewe: hakuna anayeweza kuthibitisha, kwa hiyo anayeshinda ni mwenye nguvu. Takwimu za kabla ya mradi zingekuwa shahidi. Zingeweza hata kuutetea mradi kama hauna kosa. Asiyetaka kupima anajua kwa nini hataki.

Wanasayansi wana utaratibu wao, wala si mgumu kuuelewa. Unapima eneo la mradi kabla na baada. Sambamba na hilo unapima eneo lingine linalofanana nalo ambalo halina mradi. Pale penye mradi samaki wakipungua na kule kwingine wasipungue, umeshajua. Wakipungua kote, mradi hauna hatia. Kupima huko kusipungue mwaka mmoja kamili, na bora miwili, kwa sababu bahari ya kaskazi si bahari ya kusi. Ukileta wataalamu wiki mbili za Februari bahari ikiwa shwari, hutamwona nyangumi hata mmoja, kisha unaandika kwenye ripoti "hawakuonekana". Ni kweli hawakuonekana. Julai ulikuwa wapi?

Na vifaa vipo. Mwaka 2015 watafiti walizunguka pwani ya Tanzania kwa chombo wakivuta vinasa sauti ndani ya maji. Kwa takriban mwezi mmoja walinasa zaidi ya milipuko 300 ya uvuvi wa baruti, na ramani ikaonyesha wazi ni wapi imekithiri. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa anabisha: ipo, haipo, imepungua, imeongezeka. Vinasa sauti vikamaliza ubishi. Kifaa hicho hicho kikiwekwa Mkondo wa Pemba kitatuambia nyangumi wanapita lini, na kishindo cha ujenzi kinafika wapi.

Sheria tunayo, utashi ndio haupo

Nchi hii haina upungufu wa sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Inataka Tathmini ya Athari kwa Mazingira ifanyike kabla ya mradi kuanza. Inataka wananchi washirikishwe, na inawapa haki ya kupata taarifa za mazingira. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ipo tangu 1994. Tuna Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, tuna Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Zanzibar, tuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachotoa wahitimu wa sayansi za bahari kila mwaka. Wengi wao nawajua, wanauza vifaa vya simu na wanaendesha bodaboda.

Sasa jaribu kuidai hiyo haki. Mimi nilikwenda ofisi moja ya umma kuomba ripoti ya tathmini ya mradi mmoja wa pwani. Nikaambiwa niandike barua. Nikaandika. Nikaambiwa ipitie kwa mkubwa fulani. Ikapita. Nikaambiwa ripoti ipo ila ni kubwa, haitolewi nakala, njoo usome hapa hapa. Nikaenda, mwenye ufunguo wa kabati yuko safarini. Nilirudi mara tatu. Hadi naandika haya sijaiona. Na mimi nimesoma, nauli ninayo, na naishi mjini. Mvuvi wa kijijini je?

Ripoti yenyewe ukiipata imeandikwa Kiingereza kitupu, kurasa mamia. Mwenye mradi ndiye anayemlipa mshauri anayeiandika. Mpishi anajionjea, anajisifu, anajigawia. Sisemi washauri wote ni waongo, wapo waaminifu na tunawaheshimu. Nasema mfumo wenyewe unamfanya mkweli aogope kukosa kazi ijayo.

"Nyie mnapinga maendeleo"

Najua jibu linalokuja. Upinzani haujawahi kuona jema. Utafiti wa miaka miwili utachelewesha mradi, wawekezaji watakimbilia Mombasa.

Kuhusu kuchelewa: mpango wa Mwambani una zaidi ya miaka kumi kwenye makabrati. Bagamoyo nao hivyo hivyo, umesainiwa, ukasimamishwa, ukafufuliwa. Muda wa kupima bahari ulikuwepo mara tano. Kilichokosekana ni mtu wa kuona umuhimu. Upimaji wa bahari hauhitaji kusubiri mkandarasi, unaweza kwenda pamoja na usanifu na mazungumzo ya fedha ambayo nayo huchukua miaka.

Kuhusu gharama: chukua zile Sh429.1 bilioni za Tanga. Nusu ya asilimia moja tu ni zaidi ya Sh2.1 bilioni. Kwa fedha hiyo unaweza kuajiri vijana, kununua vinasa sauti, kukodi mashua na kupima kwa misimu kadhaa. Nchi inayonunua mashangingi haiwezi kusema haina nusu ya asilimia moja.

Kuhusu wawekezaji: benki kubwa za kimataifa zina masharti yao ya mazingira, na mradi usio na takwimu ndio unaochelewa, kwa sababu ndio unaokwenda mahakamani. Lamu imeonyesha. Na wale wanaotushauri tunyamaze ili mzigo usiende Mombasa, wakumbuke hao Kenya ndio waliohukumiwa kulipa.

Tunadai nini

Tahariri bila madai ni porojo. Haya ndiyo ninayoyaweka mezani, na naomba matawi yetu ya pwani yote yayajadili.

Kwanza, pasiwepo kuchimba wala kupigilia nguzo kwenye mradi wowote mpya wa bandari, iwe Mwambani, Bagamoyo au kwingineko, kabla bahari haijapimwa kwa angalau mwaka mmoja kamili, kaskazi na kusi.

Pili, anayelipa asiwe anayemchagua mtafiti. Mwenye mradi aweke fedha kwenye mfuko, na taasisi zetu za utafiti na vyuo vikuu zisimamie kazi kwa uwazi.

Tatu, takwimu zote ziwe mali ya umma. Ramani, hesabu za samaki, rekodi za sauti, vyote viwekwe mahali ambapo mwanafunzi na mvuvi wanaweza kuviona bila kuandika barua. Na muhtasari uwe kwa Kiswahili, ubandikwe kwenye ofisi ya kijiji na kwenye diko.

Nne, vikundi vya kusimamia rasilimali za uvuvi pwani, zile BMU, vilipwe kuandika mavuno ya kila siku. Wao wapo majini kila alfajiri. Hakuna mtaalamu wa kukodi anayeweza kuwashinda kwa hilo.

Tano, vijana wahitimu wa sayansi za bahari na wa vyuo vya uvuvi wawekwe kwenye mitambo na meli kama waangalizi, wenye mamlaka ya kusimamisha kazi kwa muda nyangumi, pomboo au kasa akiingia eneo la hatari.

Sita, kuwe na kalenda ya bahari. Kazi za kishindo kikubwa zikwepe miezi ya nyangumi, uchimbaji ukwepe msimu wa kasa kutaga, meli zipunguze mwendo zikiingia Mkondo wa Pemba kwa miezi itakayopangwa kwa ushahidi.

Saba, sheria ya fidia irekebishwe ili mvuvi aliyepoteza eneo lake la kuvulia atambuliwe kama mkulima aliyepoteza shamba.

Kilwa Masoko wanajenga bandari ya uvuvi, na eneo kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa ndilo lenye nguva wachache waliobaki nchini. Nguva jike anazaa mtoto mmoja, kisha anakaa miaka kadhaa kabla ya mwingine. Ndugu zetu wa huko wana nafasi ya kuuliza mapema. Waulize sasa.

Kazi ya vijana wa chama chetu si kusubiri uchaguzi ndipo tuikumbuke pwani kwa kofia na fulana. Wiki hii, kila tawi la pwani liandike barua moja kuomba ripoti ya tathmini ya mradi ulio karibu nao. Moja tu. Mkijibiwa, tuleteeni tuisome pamoja na tuitafsiri. Msipojibiwa, hifadhini nakala yenye muhuri wa kupokelewa, maana nayo ni ushahidi, na tutaipeleka kwa madiwani wetu, kwa wabunge na mahakamani ikibidi. Nendeni pia madikoni mkakae na wazee, mwandike majina ya miamba yao, samaki wanaopatikana na msimu wake. Daftari la shilingi elfu mbili linatosha kuanzia.

Bandari tunaitaka. Tunataka meli, tunataka ajira, tunataka Tanga iamke kama ilivyokuwa enzi za mkonge. Lakini serikali inayoweza kupima kina cha maji kwa ajili ya meli inaweza pia kuwahesabu wanaoishi ndani yake, na wanaokula kutokana nayo.